Buibui wa Uwanja Usiofagiwa

Huku Lufingo mtu hupimwa kwa ufagio. Nyumba inaweza kuwa ya udongo na bati likashika kutu, lakini chini ya migomba lazima pafagiwe mpaka jani lisionekane, na kuku akipita aache alama za vidole. Mwanamke ambaye jua limemkuta hajafagia, habari zake hufika Mpuguso kabla ya mchana.

Kwa mzee Ambindwile palikuwa hapafagiwi mwaka wa pili sasa.

Mkewe, Atuganile, aliufagia uwanja ule miaka arobaini na mmoja. Alianza kungali giza, kutoka mlangoni hadi mashina ya mwisho ya migomba, na sauti ya ufagio wake ndiyo iliyomwamsha mumewe kila siku ya Mungu. Miaka ile ya shida Atuganile alipanga foleni ya sabuni Tukuyu tangu alfajiri. Alikuja kufa wakati sabuni zimejaa maduka yote, watu wanachagua rangi. Wakamzika nyumbani, upande wa juu. Siku ya kuondoa matanga wanawake wa ukoo walifagia, wakaenda zao.

Ambindwile alijaribu mara moja. Alivuta ufagio hatua tatu, akaisikia ile sauti. Akauchomeka darini, hakuugusa tena.

Majani yakaanguka, yakalala palepale. Magome makavu ya migomba yakaning'inia mpaka yakadondoka. Mvua ya Tukuyu haijui likizo: majani ya chini yakaoza, mengine yakaja juu yake, na mengine juu ya hayo. Majirani wakapita wakiangalia pembeni, kama mtu anavyopita penye mlevi aliyelala.

Si kwamba hakuwa na mtu. Mwanawe Vicent alijenga karibu, ng'ambo ya mfereji tu. Lakini wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia na ushirika ukalegea, Vicent aliacha kahawa akaenda Mbeya kuuza mitumba. Alirudi mwisho wa mwezi, na miezi mingine hakurudi. Aliyekuwapo ni mke wake, Anneth, na mtoto wao mchanga, Bupe. Na Anneth ni mkwe.

Mkwe hamtazami baba mkwe. Haongei naye, hataji jina lake, haingii uwanjani kwake akiwapo. Wakikutana njiani, mkwe anaingia migombani na kugeuza mgongo. Ni mwiko wa tangu zamani, wenyewe wanauita kutila. Wengi wa mjini walishauacha, na mchungaji alisema kuuacha si dhambi. Nyumba ya Ambindwile haikuuacha. Atuganile alipokuwa hai haukuwa na uzito: neno la mkwe lilipita kwake, na neno la baba mkwe likapita kwake. Alipokufa, maneno yalikosa pa kupita. Anneth alipika, akakileta chakula mpaka kwenye kisiki cha mpakani, akakifunika kwa jani, akakohoa, akaondoka. Ambindwile alisubiri nyayo zipotee, ndipo akaenda kuchukua. Sahani aliirudisha imeoshwa. Hivyo ndivyo walivyoishi, sahani ikija, sahani ikienda. Mjukuu wake alikuwa amempakata mara mbili tu, siku ambazo Vicent alikuwapo kumleta.

Na kwa kuwa tangu msiba Ambindwile hakuwa mtu wa kutoka, isipokuwa Jumapili, saa ambayo Anneth naye yuko kanisani, haikupatikana nafasi ya mkwe kuingia na kufagia. Basi majani yakakaa.

Mwaka uliofuata ule uchaguzi wa vyama vingi, mwezi wa pili, mwenyekiti wa kitongoji alimletea mgeni. Mwenyekiti huyo ni Jotham, mtu wa maneno, aliyevaa koti la mtumba lenye maandishi mgongoni ambayo hakuna aliyejua yanasema nini.

"Ugonile, tata! Nimekuletea mteja. Nimezunguka naye kitongoji kizima. Anatafuta uchafu."

"Mwenyekiti!" alisema mwanamke aliyekuwa nyuma yake. Alikuwa wa miaka thelathini hivi, buti za mpira miguuni, begi zito begani.

"Si ndivyo ulivyoniambia, mwalimu? Majani yaliyolala muda mrefu. Nami nikakwambia, hayo utayakuta kule juu msituni, au kwa mzee mmoja tu."

Ambindwile alitazama chini. Aliona haya kwa niaba ya marehemu.

"Shikamoo, baba," alisema yule mwanamke. "Naitwa Winfrida. Nafundisha chuo kikuu, Dar es Salaam. Natafuta buibui."

"Buibui."

"Wa ardhini. Si hawa wa kutega utando kwenye kona za nyumba. Hawa wanaishi ndani ya majani, wanawinda kwa miguu."

"Wa kazi gani?"

"Wa kuwajua tu, baba."

Ambindwile alilifikiria hilo. "Wapo," alisema.

"Kwetu Bukoba migomba tunaitandikia nyasi," Winfrida alisema, akipiga magoti na kufunua jani moja kwa kidole, taratibu kama anafunua chungu. "Mama yangu akikuta mtu amemfagilia shamba atamkimbiza kwa fimbo. Atasema umeivua ardhi nguo."

"Ehe!" Jotham alipiga makofi. "Basi kitongoji kizima kiko uchi, mzee huyu peke yake ndiye kavaa!"

Ambindwile alicheka. Halikuwa cheko kubwa, lakini lilikuwa la kwanza tangu msiba, na lilimkwaruza koo.

Winfrida alifukia vikombe vya plastiki kumi na viwili chini ya migomba, midomo ikawa sawa na ardhi, ili kinachotembea kitumbukie. Kila kikombe akakiezekea kipande cha gome juu ya vijiti vitatu, mvua isijaze. Akawa anakuja kila siku ya pili kutoka nyumba ya wageni Tukuyu. Anamwaga kilichomo kwenye sahani nyeupe, anachambua kwa kibanio, anaandika. Siafu, mende wa porini, jongoo, buibui wa kila namna. Ambindwile alikaa kwenye kigoda, akatazama. Alimpa ndizi za kuchoma. Hawakuongea sana. Siku asiyokuja, Ambindwile alijikuta anaangalia njia.

Wiki ya tatu, katika kikombe cha nne kutoka mlangoni, alitoka buibui mmoja mdogo kama punje ya haragwe, rangi ya chai kavu, mgongoni ana alama nyeupe zilizopangwa kama mshono. Winfrida alimtazama kwa lenzi. Akamgeuza kwa kibanio, akamtazama tena. Kisha akampa Ambindwile lenzi.

Ambindwile hakuwahi kumwona buibui. Alikuwa amewaua tu. Sasa aliona vinyweleo, miiba ya miguuni, macho.

"Ana macho mangapi huyu?"

"Manane."

"Manane, na bado hakuliona shimo."

Winfrida akacheka mpaka akaweka lenzi chini. Kisha akamwonyesha mbele ya uso wa buibui, vikono viwili vifupi vilivyovimba nchani kama mtu aliyevaa glavu za ndondi. "Hivi ndivyo tunavyomjua. Huyu ni dume. Kila aina ya buibui, dume ana vikono vya umbo lake, havifanani na vya mwingine. Kama ufunguo."

Siku mbili baadaye alirudi na kitabu kinene, na macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Kitabu kilijaa michoro ya vikono.

"Nimekipitia mara tatu, baba. Hayumo. Nadhani hajaandikwa."

"Hajaandikwa wapi?"

"Popote."

"Lakini yupo."

"Yupo. Ila hakuna aliyewahi kusema yupo."

Ambindwile aliutazama uwanja wake. Miaka yote hiyo. Au labda alikuwa msituni, akashuka alipoona hapafagiwi tena.

"Sasa mwandike," alisema.

"Siwezi na dume peke yake. Nahitaji jike. Watu walishakosea sana hapo: dume wakampa jina lake, jike wakampa jina lingine, wakawaweka mbalimbali miaka na miaka. Kumbe mtu na mkewe." Alifunga kitabu. "Na jike hatembei ovyo, hatatumbukia kwenye kikombe. Amejificha mahali na mayai yake. Nami Jumamosi naondoka. Kibali kinaisha, chuo kinafunguliwa, na sidhani nitapewa safari nyingine ya huku. Bila jike, huyu atakwenda kukaa kwenye chupa yake kabatini."

Ambindwile aliyatazama majani.

"Nisaidie, baba. Wewe ndiye unayelala hapa. Mtafute. Ukimpata usimguse, mfunike kwa bakuli, uje Tukuyu uniite. Nataka nione alivyokaa na kifuko chake."

Tangu Atuganile afe, watu walimletea Ambindwile vitu: unga, pole, maombi. Hakuna aliyemwomba kitu.

"Nitampata," alisema.

Alianza kesho yake, Jumanne, kwa magoti. Alifunua jani, akalirudisha lilivyokuwa. Akafunua lingine. Mikono yake iliyozoea jembe ilijifunza kushika kitu kana kwamba kimelala usingizi. Jumatano mvua ilinyesha kutwa, akatafuta huku gunia limemfunika kichwa. Usiku magoti yalimuuma kama yana moto. Alhamisi asubuhi, kwenye mashina ya juu, aligeuza gome moja kavu lililojikunja, na ndani yake akamwona. Rangi ile ya chai. Mshono ule mgongoni, ila yeye alikuwa mnene zaidi. Alikuwa amelalia kifuko cheupe bapa, mfano wa kifungo cha shati, amekikumbatia kwa miguu yote. Hakukimbia. Alibaki pale, amekilalia.

Ambindwile aliliweka gome chini polepole. Akaleta bakuli la bati, akalifunika juu yake. Akanawa uso, akavaa shati la kanisani, akashika njia ya Tukuyu.

Karibu na mfereji alikutana na Anneth anatoka kukata majani ya ng'ombe. Anneth aliingia migombani haraka, akageuka, akainamisha kichwa. Mtoto aliyekuwa mgongoni ndiye aliyebaki anamtazama babu yake kwa macho makubwa. Ambindwile alikohoa, akapita. Hakuwa na neno la kusema, na angekuwa nalo asingelisema.

Kutembea mpaka Tukuyu kulimchukua saa mbili na zaidi. Winfrida alipomwona mlangoni kwa shati jeupe hakuuliza kitu, alikamata begi. Walipata lifti kwenye gari la kubeba chai, wakashuka barabarani, wakapanda kilima kwa miguu. Ambindwile alitangulia, anatembea kama kijana. Ilikuwa saa nane mchana walipotokea kwenye uwanja wake.

Akasimama.

Uwanja ulikuwa unang'aa. Kutoka mlangoni hadi mashina ya mwisho hapakuwa na jani. Udongo mwekundu ulikuwa na mistari ya ufagio, mirefu, imepinda vizuri, mmoja ukilala juu ya mwingine. Kwa muda wa pumzi moja au mbili Ambindwile alielewa kitu kimoja tu: Atuganile yuko nyumbani. Alifungua mdomo kumwita.

Kisha akaliona bakuli. Lilikuwa mlangoni, limeoshwa, limeinamishwa likauke.

Winfrida aliweka begi chini. Vikombe vyake kumi na viwili navyo vilikuwa vimeng'olewa, vimepangwa ukutani, visafi. "Nani amefagia, baba?"

"Mkwe."

Ambindwile aliona yote bila kuambiwa. Anneth alikuwa amesikia kwa Jotham kwamba kwa baba mkwe kunaingia mgeni wa chuo kikuu. Siku zote hizo alikaa na aibu ile kifuani: mgeni wa watu anakalishwa jalalani, na mkwe yupo. Leo, kwa mara ya kwanza siku isiyo Jumapili, mwenye nyumba ametoka, na amevaa shati jeupe. Akaingia mbio na ufagio. Alifanya alichofundishwa na mama yake. Hakuna mkwe mwema huko ambaye asingefanya hivyo.

"Aliyatupa wapi majani?"

"Sijui."

"Tumuulize."

"Siongei naye."

"Mmegombana?"

"Hapana." Alitafuta namna ya kueleza. "Ni mkwe."

Winfrida alimtazama, akaelewa kidogo, au hakuelewa. "Basi nitakwenda mimi."

Alikwenda. Ambindwile alimsikia akibisha hodi ng'ambo ya mfereji, kisha sauti yake ya upole ikiuliza, na sauti nyingine ndogo ikijibu kwa Kiswahili cha kukatikakatika. Hakukawia kurudi.

"Anasema hajaingia huku. Anasema yeye haingii kwa baba mkwe, ni mwiko. Nimeuona ufagio mlangoni kwake, una udongo bado. Baba, ana hofu. Anadhani ametupa kitu cha thamani, dawa au jiwe la kuuza, na mimi nimekuja kumkamata. Hataniambia."

Ambindwile alijua hivyo. Kwa mgeni, Anneth angekana mpaka kiama. Ni mtu mmoja tu ambaye angeweza kumtoa hofu, naye ndiye asiyeruhusiwa kumsemesha. Alifikiria kumngoja Jotham. Lakini Jotham alikuwa mnadani Mpuguso, atarudi jioni, na buibui hawezi kungoja mwenyekiti.

Mvua ikaanza kudondoka, tone moja moja.

Ambindwile aliondoka. Alikwenda mpaka kwenye kisiki cha mpakani, akasimama, akaigeuzia mgongo nyumba ya mwanawe. Mbele yake palikuwa na mgomba. Akautazama huo mgomba.

"Bupe," alisema kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya kufika ng'ambo.

Kisha akasikia mlango unasogea.

"Bupe, mwambie mama yako uwanja umependeza."

Mtoto wa miezi minane alitoa sauti ya mate.

"Mwambie, bibi yako mwenyewe angeuona asingepata pa kulaumu. Mwambie hakuna aliyekasirika hapa. Mwalimu hatafuti dawa wala jiwe. Palikuwa na buibui chini ya bakuli."

Alidhani Anneth amerudi ndani. Kisha akaisikia sauti ambayo, katika miaka mitatu, alikuwa ameisikia katika nyimbo za kanisani na kikohozi tu.

"Bupe, mwambie babu yako, mimi sikuona buibui. Niliona bakuli limetupwa kwenye matope. Nikasema, tangu mama atutoke, hata vyombo."

"Mwambie mama yako hakukosea. Aliyekosea ni aliyenyamaza. Mwambie, yale majani aliyapeleka wapi?"

"Mwambie babu, yako kwenye shimo lake la mbolea, nyuma ya zizi lake. Sikuyachoma, yalikuwa mabichi. Ya mashina ya juu niliyamwaga mwisho."

"Ndaga, Bupe," alishukuru.

"Na umwambie," ile sauti iliharakisha, kana kwamba mwenye nayo anaogopa itamwishia, "umwambie mimi nayajua nilivyoyamwaga. Nitayachambua upesi kuliko yeye. Ila asiwepo."

"Haya, Bupe," alisema Ambindwile. "Babu hayupo."

Akarudi, akamweleza Winfrida, akaingia nyumbani, akafunga mlango. Dirisha alilifunga pia. Akakaa kitandani, upande wake.

Kwanza alisikia mvua tu juu ya bati. Kisha nyayo zilizopita mbio uwanjani. Kisha sauti ya Winfrida: "Tandika shuka hapa. Moja moja, usikung'ute." Kisha Anneth, taratibu, na Kiswahili chake kikipata miguu: "Hili la juu. Hili hapana, hili la mlangoni." Mtoto alilia, akabembelezwa, akanyamaza. Muda ukapita. Ambindwile alitamani kutoka akawaambie gome lile lilivyojikunja, kwamba lilikuwa na ufa nchani. Alikaa.

Halafu mmoja wao akateleza. Kilikuwa kishindo cha mtu kuketi kwenye samadi. Kisha wakacheka wote wawili, cheko la wanawake linalopokezana, huyu akiacha yule anadaka. Lilipita kwenye nyufa za dirisha likajaa chumbani. Ambindwile aliweka mikono magotini, akasikiliza. Halikuwa kwa ajili yake. Lilikuwa uwanjani kwake, lakini halikuwa kwa ajili yake.

Ilikuwa karibu saa kumi na moja Winfrida alipogonga.

"Baba. Tumempata. Yeye ndiye aliyemwona, Anneth. Ana jicho huyo!"

Alifungua. Uwanja ulikuwa mtupu, shuka lenye matope limekunjwa, mkwe ameshaondoka. Winfrida alikuwa na kichupa mkononi. Ndani yake, kwenye maji yasiyo maji, jike alilala ameikunja miguu. Mguu mmoja ulikuwa umekatika. Kifuko cha mayai kilikuwa pembeni yake, kimechanika kidogo.

"Umemuua?"

"Ndiyo, baba. Spiriti. Haumii muda mrefu." Alisema hivyo bila kuangalia pembeni, na Ambindwile alimheshimu kwa hilo. "Hatuwezi kumwandika akiwa hai. Lazima mtu mwingine, hata baada ya miaka mia, aweze kufungua chupa na kuona nilichokiona."

"Na yule dume?"

"Yuko kwenye chupa yake."

"Huwezi kuwaweka pamoja?"

"Hapana. Kila mmoja na chupa yake, na karatasi yake."

Ambindwile alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa habari ya nchi anayoifahamu.

Winfrida alitoa karatasi ndogo kama kucha ya kidole gumba, na kalamu ya wino usiofutika. "Hapa naandika mahali, tarehe, na jina la aliyempata. Niandike jina lako?"

"Mimi nilimwona. Aliyempata ni mwingine."

"Anneth, basi."

"Andika hilo."

Jumamosi Winfrida aliondoka. Alimwachia Ambindwile buti zake za mpira, ambazo hazikumwenea, na vikombe viwili vya plastiki. Kwa wiki kadhaa Ambindwile aliendelea kuangalia njia, kwa mazoea.

Ulipita mwaka na nusu kabla ya bahasha kufika. Jotham aliileta kutoka posta, akaifungua yeye kwa sababu Ambindwile hakusoma, na karatasi zilizokuwamo zilikuwa za Kiingereza, nzito kwa Jotham pia. Lakini palikuwa na barua fupi ya Kiswahili, na michoro.

"Anasema ameandikwa, tata. Wazee wa mambo hayo Ulaya walikataa kwanza, wakamwambia ampeleke akamlinganishe na wale walioko kwenye chupa tangu wakati wa Mjerumani. Akalinganisha. Hakuna anayefanana naye. Hapa wamemhesabu mpaka miiba ya miguu, lo! Mguu wa kwanza, mguu wa pili... Watu wana muda. Na hapa, ona, Lufingo. Na hapa, Anneth. Mkweo kaingia kitabuni!"

"Na wale wawili," Ambindwile aliuliza, "wameandikwa mbalimbali?"

Jotham aligeuza kurasa. "Ukurasa mmoja. Dume juu, jike chini. Jina lao moja."

"Haya."

"Jina lenyewe silisomi, ulimi utavunjika. Unataka niende nikampe habari mkweo?"

"Nenda."

Yeye na Anneth hawakuzungumza tena namna ile. Mwiko ulibaki mwiko, na kila mmoja aliushika kama zamani, labda na zaidi, maana walikuwa wameshajua unaweza kupasuka. Ila kwa kupitia Vicent, mwisho wa mwezi mmoja, mambo mawili yalikubaliwa. Mashina ya juu, karibu na kaburi, yaachwe na majani yake, asiguse mtu. Na kuanzia mlangoni hadi katikati ya uwanja pafagiwe, kila Jumamosi.

Lakini ili mkwe aingie, lazima mwenye nyumba awe ametoka. Na Ambindwile hakuwa na pa kwenda.

Basi kila Jumamosi, umande ukiwa bado, alifunga mlango akashuka mpaka barabarani. Pale palikuwa na ghala la ushirika, kufuli lake limeshika kutu, na baraza yake ilikinga mvua. Alikaa hapo, viatu pamoja, mikono magotini. Magari ya Mbeya yalipita yamejaa watu wenye safari.

Siku moja alipita Andrea, mzee mwenzake wa kanisani, chini ya mwavuli.

"Tata, unangoja gari?"

"Singoji."

"Sasa unafanya nini kwenye baridi hii?"

"Nampisha mtu."

Andrea aliangalia barabara upande huu na upande ule. Hapakuwa na mtu. Akampa pole ya jumla, akaendelea na njia yake.

Kutoka pale ghalani ufagio hausikiki. Ambindwile alikadiria tu. Sasa yuko mlangoni. Sasa anapita chini ya dirisha. Sasa anapumzika, mtoto anataka kushuka. Alimpa muda wa kutosha, akaongeza na kidogo, asije akamfumania. Kisha akainuka, akapanda kilima taratibu.

Uwanja ulikuwa safi, na hapakuwa na mtu. Akavua viatu, akaupitia pembeni, pekupeku, asiuharibu.